Inavuta Mbele, Nyuma au Zote Nne? Ubishi wa Vijiweni Ambao Tope la Safari Rally Liliujibu Zamani

Kuna ubishi wa magari ambao haujawahi kufungwa. Unaanzia kijiweni, jioni umehamia kwenye grupu la WhatsApp, na kesho yake upo chini ya picha ya Altezza ya mtu Instagram. Wa kwanza anasema gari inayovuta mbele ni ya kupeleka watoto shule tu. Wa pili anasema inayosukuma nyuma ndiyo gari ya dereva, hizo nyingine ni mashine za kufulia nguo. Wa tatu ana Subaru, kwa hiyo hata hajibu. Anatupia picha ya nembo ya AWD na emoji ya kucheka, kwake mjadala umeisha.

Kinachochekesha ni kwamba wote watatu wanarudia maneno ya watu waliokufa zamani. Ubishi huu una zaidi ya miaka 100, umeshafilisi kampuni, umeshatoa mabingwa, na sehemu nzuri ya majibu yake ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye vumbi na tope. Tena una hela ndani yake. Mtu aliyejinyima miaka mitatu anunue ndinga ya kwanza anaweza akalipia kitu asichokihitaji, au akakosa anachokihitaji siku ambayo mvua imekutana na kona.

Tuanze na kosa la kwanza, la kudhani kuvuta mbele ni mambo ya kisasa. Kile kigari cha mvuke kilichotengenezwa mwaka 1769 kwa ajili ya jeshi la Ufaransa, ili kikokote mizinga, kilikuwa na magurudumu matatu, na lililokuwa likivuta ni la mbele. Birika la mvuke lilining'inia mbele ya gurudumu hilo. Kilikuwa kizito, kigumu kukata kona, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Lakini kilivuta mbele.

Mpangilio wa nyuma ulikuja kushika dunia mwaka 1891, pale kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa ilipoweka injini mbele, klachi na giaboksi nyuma yake, halafu nguvu ikapelekwa magurudumu ya nyuma. Mwanzoni walitumia mnyororo kama wa baiskeli, baadaye ikaja propela shafti. Karibu kila kiwanda kikakopi, na ikawa hivyo kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa nini nyuma? Sio kwa sababu nyuma ni bora. Ni kwa sababu gurudumu la mbele tayari lina kazi yake, kukata kona. Ukitaka lifanye na kazi ya kuvuta, unahitaji kiungo kinachopinda huku kinazunguka. Kiungo cha msalaba, kile mafundi wanachokiita krosi, kikipinda sana kinaanza kuzunguka kwa kushtukashtuka, na usukani unatetemeka mikononi mwa dereva. Dawa yake ilipatikana miaka ya 1920 mwishoni, pale mhandisi mmoja wa Ford kule Marekani alipobuni kiungo chenye gololi sita ndani. Gololi zinahama kadiri kiungo kinavyopinda, mzunguko unabaki laini. Huyo ndiye babu wa CV joint unayoletewa bei yake na fundi wa Gerezani huku akikuangalia usoni kuona kama utazimia.

Baada ya hapo majasiri wakajitokeza. Wajerumani wa DKW wakaanza mwaka 1931 kuuza kigari cha bei poa kinachovuta mbele. Mwaka 1934 Citroën wakatoa Traction Avant, na jina lenyewe kwa Kifaransa linamaanisha kuvuta mbele. Ilikuwa gari ya chini, imetulia kwenye kona, bodi na chesisi kitu kimoja. Iliwaacha wenzake mbali. Ila gharama za kuitengeneza, pamoja na kujenga upya kiwanda, zilikuwa za kuua mtu, na hazikuishia kwenye usemi. Desemba 1934 kampuni ikafilisika na kuchukuliwa na mdai wake mkubwa, watengeneza matairi wa Michelin. Julai 1935 mwanzilishi wake akafariki. Gari aliyoiacha iliendelea kutengenezwa hadi 1957.

Iliyobadilisha mchezo kabisa ni kigari kidogo cha Kiingereza. Mwaka 1956 Mfereji wa Suez ukafungwa, Uingereza petroli ikawa ya mgao, na kampuni ya BMC ikamwita mhandisi wake mmoja aliyezaliwa Izmir. Aliambiwa atengeneze gari ndogo inayonusa mafuta tu lakini inabeba watu wanne wazima. Jamaa akafanya kitu ambacho leo kinaonekana cha kawaida. Injini akailaza kwa upana badala ya urefu, giaboksi akaichomeka chini yake, nguvu zote akazipeleka mbele. Mwaka 1959 Mini ikatoka ikiwa na urefu wa mita 3.05, na karibu asilimia 80 ya sakafu yake ni ya watu na mizigo. (Ilikuwa na kituko chake pia. Distribyuta ilikaa nyuma tu ya grili, kwa hiyo Mini za mwanzo zilikuwa zikizima mvua ikinyesha. Gari ya Kiingereza inaogopa mvua!)

Hapo mtu wangu ndipo lilipo jibu la kwa nini gari ndogo karibu zote zinavuta mbele. Hakuna aliyekaa mezani akasema magurudumu ya mbele yanashika barabara kuliko ya nyuma. Walichokuwa wanatafuta ni nafasi na bei. Ukiondoa propela shafti na difu ya nyuma, sakafu inakuwa flati, gari inapungua uzito, na kiwanda kinapunguza gharama. Fiat wakaja kuurahisisha mpangilio huo kwa kuihamisha giaboksi kutoka chini ya injini na kuiweka ubavuni. Waliujaribu kwanza mwaka 1964 kwenye chapa yao ndogo ya Autobianchi, ili likibuma lisibume kwa jina la Fiat, halafu mwaka 1969 wakauweka kwenye Fiat 128. Fungua boneti ya Vitz, IST, Passo au Corolla 110 uangalie. Ni kitu kile kile.

Toyota wenyewe hawakuwa na haraka. Corolla ilizaliwa mwaka 1966 ikisukuma nyuma, na ikaja kuhamia mbele mwaka 1983. Hata hapo, Corolla za mizigo waliziacha zikisukuma nyuma hadi 1987. Kwenye kundi lile lile la magari, ya abiria inavuta mbele, ya mizigo inasukuma nyuma. Hao hawakuwa wanabishana, walikuwa wanapiga hesabu ya uzito.

Na hesabu hiyo ndiyo siri ya mambo yote haya. Tairi linashika chini kutegemea limekandamizwa kiasi gani. Gurudumu linalovuta likiwa na uzito juu yake, linavuta. Likiwa jepesi, linazunguka bure kama pia. Wale waliobuni gari za kuvuta mbele walitaka nafasi, wakapata na zawadi ambayo hawakuiomba, kwamba injini na giaboksi vyote vimekalia magurudumu yanayovuta.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakaanzishwa mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamia kipindi cha Pasaka, na kila mtu wa huku anajua Pasaka inaangukia kwenye mvua zipi. Miaka ile ya mwanzo yalikuwa magari ya dukani, karibu sawa na yale ambayo daktari au karani mkubwa angenunua kwenda nayo kazini. Kwa hiyo ukitaka kujua gari ipi inafaa barabara zetu, maabara ilikuwa ile.

Matokeo yake yangewachanganya wabishi wote. Volkswagen, kile kikobe chenye injini nyuma kabisa, kilichukua mwaka 1954, 1957 na 1962. Katikati hapo, mwaka 1956, ikashinda DKW ya Wajerumani, injini ya silinda tatu yenye sauti kama ya pikipiki, inavuta mbele. Moja inasukuma nyuma, nyingine inavuta mbele, na zote zilipita kwenye tope lile lile. Ukiziangalia vizuri zinafanana kwa jambo moja. Kwenye kikobe injini imekaa juu ya magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na kwenye DKW imekaa juu ya magurudumu ya mbele yanayovuta. Uzito upo pale pale kazi inapofanyika.

Mwaka 1964 dereva mmoja wa Sweden, pande la mtu, alikuja na Saab 96, nayo inavuta mbele. Inasimuliwa kwamba ilipomzamia kwenye tope, yeye na mwenzake waliishika ubavuni wakaipindua, ikabiringika hadi pakavu, wakaingia wakaondoka. Waandishi wa habari walipomwona muongo, akaipindua tena mbele yao. Alimaliza wa pili. Hapo ugomvi wa mbele au nyuma unakosa maana kabisa, kwa sababu kilichomwokoa ni wepesi wa gari.

Halafu ikaja Peugeot 404, na hii inabidi tukae nayo kidogo. Injini yake ipo mbele, inasukuma nyuma, kwa hiyo kwa hesabu ya uzito ilipaswa kuwa ya kwanza kukwama. Lakini ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili iliyotangulia kwenye hayo saba ni 404. Haikuwa na spidi ya kutisha. Ilikuwa imeinuka vya kutosha, springi zake ni za safari ndefu, na vyuma vyake vilivumilia kupigwa. Wengine walikuwa wanashindana na saa, yenyewe ilikuwa inasubiri wavunjike.

Ndiyo maana wazee wa Peugeot hawaelewani na vijana wa leo. 404 na mdogo wake 504, ambayo baadaye iliunganishwa Kenya pia, zilibeba abiria, maharusi, wagonjwa na maiti kwenye barabara ambazo leo tungezikataa. Zilisukuma nyuma, na kwa gari ya kubeba hiyo ni faida, kwa sababu abiria na magunia yakipanda, uzito unakwenda pale pale kwenye difu. Kadiri ulivyoijaza ndivyo ilivyoshika. Kumbukumbu ya "gari za zamani zilikuwa ngumu" imechanganyika na kumbukumbu ya "gari za nyuma ni ngumu", kumbe ni vitu viwili tofauti.

Zote nne nazo zina historia yao. Land Rover ilikuwepo tangu 1948, ila hiyo ilikuwa gari ya shamba na serikali, mtu haendi nayo disko. Wazo la kuiweka kwenye gari ya kawaida ya familia lilipata nguvu Japani kaskazini, ambako kampuni ya umeme ilitaka gari ya kufikia nyaya zake kwenye theluji bila wafanyakazi kuganda kwenye jipu la turubai. Subaru wakawatengenezea chache, na mwaka 1972 wakaanza kuuza Leone ya zote nne kwa watu wote. Kwa hiyo kabla ya mbwembwe zote za boksa na egzosi za kunguruma, mteja aliyeianzisha Subaru ya zote nne ni mafundi umeme.

Upande wa Ujerumani, baridi ya mwaka 1977, mhandisi mmoja wa Audi alikuwa Finland akijaribu magari kwenye theluji. Akagundua kwamba kijipu cha jeshi kiitwacho Iltis, chenye nguvu ya farasi 75 tu, kinayaacha magari yenye nguvu mara mbili yake. Akarudi na wazo. Januari 1978 gari yao ya majaribio ikapanda mlima wa Turracher Höhe huko Austria, mteremko wa asilimia 23 uliojaa theluji, kwa matairi ya kawaida. Kila mtu akapiga makofi. Kisha, inasimuliwa, bosi mmoja akaipeleka nyumbani Vienna, mke wake akaenda nayo mjini. Aliporudi akasema gari inarukaruka ukikata kona za kupaki.

Mama yule alikuwa ameona kitu ambacho mlima haukukionyesha. Gari ikikata kona, magurudumu ya mbele yanazunguka duara kubwa kuliko ya nyuma. Ukiyafunga pamoja bila kuyapa nafasi ya kutofautiana, kwenye theluji yatateleza kidogo na hutajua, lakini kwenye lami kavu yanagombana. Ikabidi waongeze difu ya tatu katikati. Hiyo ndiyo tofauti ya AWD na ile 4WD ya kuvuta liva kwenye pikapu. AWD unatembea nayo Posta hadi Mbezi bila shida, ya liva ukiisahau imefungwa kwenye lami kavu unajitafutia fundi.

Quattro ikatoka 1980, na Ulaya ikapigwa kama ngoma. Wote wakasema mambo ya magurudumu mawili yamekwisha. Ila Kenya haikuwa na haraka ya kukubali. Mwaka 1983 Quattro zilimaliza Safari Rally ya pili na ya tatu, mbele yao ipo Opel Ascona inayosukuma nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, nayo inasukuma nyuma. Zote nne zilisubiri hadi 1987 ndipo Audi ikashinda. Miaka saba! Mashine iliyokuwa ikitawala misitu na theluji ya Ulaya ilikuja huku ikakutana na mawe, vumbi na maelfu ya kilomita, na zile difu tatu na shafti zake zote zikawa ni vitu vingi zaidi vya kuvunjika. Baada ya 1987 mlango ukafunga kweli. Kwenye Safari ya ubingwa wa dunia hakuna tena gari ya magurudumu mawili iliyorudi kuchukua ushindi wa jumla.

Sasa mtu asome hapo aseme basi Subaru imeshinda ubishi. Taratibu. Timu ile ilikuwa na mafundi na spea za kutosha. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ana fundi mmoja asiyepokea simu.

Magari yaliyojaa mitaani leo yalikuja na upepo mwingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na miaka iliyofuata yakamiminika magari yaliyotumika Japani, ambako usukani upo kulia kama kwetu. Hakuna aliyetuuliza tunataka yanayovuta wapi. Tulipokea yale ambayo Mjapani ameyachoka. Nyingi zikawa za kuvuta mbele, na kwa maisha ya mjini zinatosha kabisa. Shahidi mkubwa ni Probox. Hiyo nayo kwa kawaida inavuta mbele, na kule Kenya wanaijaza miraa na kuikimbiza kana kwamba imeibwa. Mwenye kusema za mbele ni laini amwambie dereva wa Probox.

Udhaifu wake upo sehemu moja, kilima chenye utelezi huku nyuma umejaza. Watu watano, buti lina ndizi na mchele, barabara ya udongo ya Lushoto imelowa. Uzito umerudi nyuma, pua ya gari imekuwa nyepesi, matairi yanazunguka bure. Madereva wazoefu wanajua ujanja wake. Shusha mizigo, au geuza gari upande kwa rivasi, maana ukirudi kinyumenyume kwenye kilima uzito unalalia kwenye injini na magurudumu yanayovuta. Unachekwa, lakini unafika.

Mark II, Altezza, Crown na Brevis zina tabia ya kinyume. Zina raha yake, usukani mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yana kazi moja tu. Ila ukiwa peke yako, buti tupu, mvua ya kwanza imechanganyika na mafuta kwenye lami, ukakanyaga katikati ya kona, mkia unakuja kukusalimia. Ukiachia mafuta kwa hofu unaweza ukaongeza tatizo, kwa sababu uzito unakimbilia mbele na nyuma panazidi kuwa pepesi.

AWD nayo inadanganya kwa upole. Inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama haikusaidii, kwa sababu kila gari, hata Vitz, inafunga breki magurudumu yote manne. Mtu anatoka kwenye tope kirahisi, anaamini barabara inashika, anagundua ukweli kwenye taa nyekundu. Halafu kuna zile IST na RAV4 zilizoagizwa zikiwa na zote nne kwa ajili ya theluji ya Hokkaido, zinamalizia maisha Sinza zikibeba propela na difu ya ziada kila siku bila kazi. Na zote nne hazipendi matairi yasiyolingana. Ukifunga moja jipya na matatu vipara, mizunguko inatofautiana na difu ya katikati inafanya kazi muda wote, hadi kwenye lami iliyonyooka. Wapo wanaochoka, wanamwambia fundi atoe propela kabisa. Wamenunua ya zote nne, wanaendesha ya mbele.

Hilo la matairi ndilo linalokosewa zaidi, na halijali upo kambi gani. Mtu mwenye gari ya kuvuta mbele akipata hela ya matairi mawili tu, anayafunga mbele, maana ndiyo yanayovuta na kukata kona. Inaonekana ni akili. Watengeneza matairi wenyewe wanashauri yaliyo mapya yafungwe nyuma, gari iwe ya mbele, ya nyuma au ya zote nne. Tairi la mbele likiteleza kwenye maji, usukani unakuwa mwepesi, unajua, unaachia mafuta, na gari ipo bado imenyooka. La nyuma likiteleza hakuna anayekutaarifu. Unashtukia unaangalia magari uliyoyapita.